Kupanda ni Siku Moja, Kutunza ni Kila Mara

Masomo: Mwanzo 2:8-15, Mathayo 13:24-30, Mithali 27:18



Mnakumbuka tarehe 13 Novemba 2023? Serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili Wakenya wapande miti, katika ule mpango wa kufikia miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Sisi pia tulitoka. Tuliimba, tukaomba, tukapanda, tukapiga picha. Halafu tukaenda nyumbani. Mimi nilirudi pale mara moja tu, mwezi wa Machi, baada ya kiangazi. Miche yangu miwili ilikuwa imekauka, na wa tatu umemezwa na magugu. Nilisikia aibu, maana kwenye picha nilikuwa nimetabasamu sana.

1. Mungu alitoa kazi mbili

Mwanzo 2:15 inasema Adamu aliwekwa bustanini ailime na aitunze. Ya kwanza tunaipenda kwa sababu inaonekana. Ya pili haina makofi. Tena angalia mstari wa 8: aliyeipanda ile bustani ni Mungu mwenyewe. Adamu alikabidhiwa kitu ambacho hakukianzisha yeye. Na misitu yetu ya asili ni vivyo hivyo. Mugumo, muhugu na mutamaiyu ilikuwa hapa kabla ya babu zetu kuzaliwa. Tumeikuta. Je, watoto wetu nao wataikuta?

2. Ng'oa, lakini jua unachong'oa

Mwaka 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipoenda kupanda mti katika msitu wa Karura, hapa Nairobi, wakipinga ardhi ya msitu kugawiwa watu binafsi wajenge. Msitu uliokolewa. Lakini ndani yake kulikuwa na adui mwingine asiyebeba rungu: lantana.

Mnaijua lantana. Ina maua mazuri ya rangi rangi. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, ikasambazwa duniani kama pambo la bustani. Ndege wanakula matunda yake na kutawanya mbegu. Inaota ikasongamana, mpaka mche wa mti wa kienyeji ulio chini yake unakosa mwanga. Ukiikata kwa panga, inachipuka tena. Dawa yake ni jembe, uchimbe mpaka mizizi, halafu urudi tena na tena kuzing'oa zile zinazoota upya. Hivyo ndivyo Karura imetunzwa, Shirika la Misitu la Kenya (KFS) pamoja na jamii wakiing'oa lantana na kurudisha miti ya kienyeji.

Wapendwa, si kila kinachotuharibu huja na sura mbaya. Kingine huja na maua.

Lakini sikia pia Mathayo 13. Watumwa walitaka kung'oa magugu mara moja, na mwenye shamba akawazuia, asije akapoteza na ngano. Bidii bila maarifa inaharibu. Ukiingia msituni na jembe lako bila kuuliza, utang'oa mche wa muringa ukidhani ni gugu. Kwa hivyo msikilize afisa wa msitu, hata kama ni kijana aliye rika la mwanao.

3. Mtunzaji ndiye anayekula

Mithali 27:18 inamwahidi matunda yule anayeutunza mtini. Haimtaji aliyeupanda. Na mugumo wetu ni wa jamaa ya mtini! Matunda yake yanalisha ndege na tumbili. Sisi tunapata kivuli, hewa safi na mito isiyokauka.

Tufanye nini wiki hii?

Kila ushirika wa nyumbani uchague watu wawili waende ofisi ya KFS iliyo karibu, au kwa chama cha jamii cha kutunza msitu, waulize siku za kujitolea. Usijiingize msituni bila ruhusa. Usibebe mche wowote kutoka nyumbani. Uliza ni upi wa asili ya pale. Vaa gambuti, beba glavu, jembe na maji ya kunywa. Na kabla ya kupanda mche mmoja, mkubaliane nani atautembelea mwezi wa Januari na Februari. Kama hakuna, msipande kwanza. Nendeni mkang'oe lantana.

Maswali ya kujadili

1. Ni kazi gani kanisani unaifanya tu ukijua utaonekana?
2. Miche tuliyopanda mwaka 2023 iko wapi? Nani ataenda kuiangalia?
3. Ni "lantana" gani yenye maua mazuri inayokua nyumbani kwako?

Tuombe

Baba, utusamehe kwa kupanda na kusahau. Utupe mikono ya kurudi, hata pale ambapo hakuna anayetuona ila Wewe. Katika jina la Yesu, Amina.