Kutafuta Nasaba Bondeni Rufiji: Neno la Mzee na Karatasi ya Serikali

Mtu anajuaje kwamba baba yake ndiye baba yake? Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha sita cha Maungamo yake, anakiri kwamba asingewajua wazazi wake kama asingesadiki aliyoyasikia kwa watu. Ni mfano wa nyumbani, lakini unagusa swali kubwa la falsafa ya maarifa: mengi tunayoyajua tumeyapokea kwa ushuhuda. Kusadiki ushuhuda si ujinga. Ujinga ni kuupokea bila kuupima.

Katika somo hili tuupime kwa kazi moja: kutafuta mababu wa familia yenye asili ya Ndundu, palipokuwa na kivuko cha mto Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, au ya Kibiti na vijiji vya delta.

1. Anza na mahali

Watu wa bondeni waliishi kwa kufuata maji. Walilima mpunga wakati wa mvua, wakaulinda kutoka kwenye madungu, kisha wakapanda mazao ya mlau mafuriko yalipopungua. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamishia wengi kwenye vijiji vya ujamaa katika ardhi ya juu. Makaburi yalibaki bondeni.

Kwa hiyo ukiuliza tu, "Babu alikuwa mtu wa wapi?", huenda ukatajiwa kijiji ambacho babu alihamia akiwa mtu mzima. Uliza hivi: "Kabla ya kuhamishwa mlikaa wapi? Ni nani aliyezikwa huko?" Jina la mahali pa zamani ndilo ufunguo. Kumbuka pia kwamba Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Karatasi za nyuma ya hapo zitafute kwa jina la Rufiji.

2. Hesabu vizazi na miaka

Majina matatu ya mtu, yaani lake, la baba na la babu, ni vizazi vitatu tayari. Yaandike, kisha muulize mzee jina la nne. Angalia lakini: jina la babu mara nyingi hurudi kwa mjukuu, na watu wawili wanaweza kugeuka mmoja katika daftari lako.

Wazee wengi huhesabu kwa matukio. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliangamia katika delta tarehe 11 Julai 1915. Bibi akisema mama yake alikuwa bado ananyonya manowari ilipopigwa, basi mama huyo alizaliwa kati ya 1913 na 1915. Ikiwa mzee mwingine anasema mwanamke huyohuyo aliolewa kabla ya Majimaji, mmoja wao amechanganya mama na bibi. Rudi kwa wote wawili, uulize kwa upole.

3. Karatasi iliandikwa kwa ajili ya nani?

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, inatunza majalada ya Wajerumani na Waingereza. Lakini mkoloni aliandika alichokitaka: kodi ya nyumba, pamba, vibarua. Utakutana na majina ya maakida na majumbe. Mama aliyepanda mpunga utamkosa. Kukosekana kwake kwenye jalada hakuthibitishi kwamba hakuwapo.

Kwa upande wa Kanisa, kanuni ya 535 inaiagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na vile vya zamani vitunzwe. Hata hivyo wenyeji wengi wa Rufiji ni Waislamu, hivyo vitabu hivyo husaidia zaidi familia za Kikatoliki zilizohamia. Kwa wengine, tafuta vyeti vya ndoa, hasa baada ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na zaidi ya yote wasikilize wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee kuhusu Majimaji; wanahistoria wakayatumia kama ushahidi.

4. Mzee anaponyamaza

Nchi hii ilipitiwa na misafara ya watumwa kuelekea Kilwa, na utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Ukifika kwa bibi fulani ambaye kwao hakutajwi, na mzee akabadili mazungumzo, usimbane. Huenda analinda heshima ya watoto wake. Ukweli una haki ya kutafutwa, lakini marehemu na jamaa zake nao wana haki ya heshima. Andika "kwao hakujulikani" na uache nafasi. Mwinjili Mathayo hakuwaficha Rahabu na Ruthu, wanawake wa mataifa, katika nasaba ya Bwana. Siku familia itakapokuwa tayari, itasema yenyewe.

Jalada litasubiri mwakani. Mzee huenda asisubiri. Basi anza na mzee.

Maswali ya kujadiliana

1. Mzee na karatasi wakipingana, utatumia vigezo gani kuamua?
2. Je, kuna ukweli wa ukoo ambao hatuna haki ya kuutangaza?