Majira ya Nchi ya Nepali

Tazameni ramani ya Asia. Kaskazini ya Bara Hindi mtaona nchi ndefu, nyembamba, iitwayo Nepali. Upande wa kusini ni nchi tambarare yenye joto. Katikati ni vilima na mabonde, na humo umo mji mkuu, Kathmandu. Upande wa kaskazini imesimama milima ya Himalaya, iliyo mirefu kuliko milima yote duniani. Mrefu kupita yote ni Everest, ulio mpakani, na kimo chake ni mita 8,849, yaani futi 29,000 na zaidi. Wageni wengi huenda kuitazama milima hiyo, lakini afikaye wakati usiofaa huenda akakaa siku nyingi asione kitu ila mawingu. Basi, wakati ufaao ni upi? Ili tujibu, yatupasa kwanza kuujua upepo.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanaujua upepo wa kusi, ambao zamani uliyapeleka majahazi mpaka Bara Hindi. Upepo huo ukiisha kuvuka Ikweta hupinda kuelekea Asia, nao huchukua mvuke wa bahari. Sehemu yake moja hupita Ghuba ya Bengali, kisha hukutana na Himalaya. Hapo hauna njia ila kupanda juu. Ukipanda hupoa, na mvuke hugeuka kuwa mvua.

Mvua hiyo hunyesha tangu Juni hata Septemba. Njia huwa tope, ruba huwashika wasafiri miguuni, na ardhi huporomoka ikafunga barabara. Walakini mkulima huingojea kwa hamu, maana ndiyo majira ya kupandikiza mpunga. Tena, nyuma ya milima iko nchi ya Mustang. Upepo hufika huko umekwisha kumwaga maji yake. Kwa hiyo nchi hiyo ni kavu, na msafiri aweza kuizuru hata wakati wa mvua.

Mwezi wa Oktoba na Novemba mvua imekwisha kuosha vumbi la hewani. Milima yenye theluji huonekana toka mbali, na mchana hauna joto wala baridi kali. Wageni wengi huchagua wakati huu. Tangu Desemba hata Februari mbingu ni safi, lakini theluji huziba njia za juu. Machi hata Mei joto hurudi, na vilima hupambwa na maua mekundu ya mti uitwao laligurans, ingawa vumbi na moshi huficha milima ya mbali. Mwezi wa Mei upepo mkali wa kilele cha Everest hutulia siku chache kabla ya mvua. Ndiyo maana Tenzing Norgay na Edmund Hillary, watu wa kwanza kujulikana kuwa wamefika kileleni, walifika tarehe 29 Mei 1953.

Lakini msidhani kwamba majira hufunga mkataba na mtu. Tarehe 14 Oktoba 2014, katika mwezi uliosifiwa na wote, mabaki ya tufani iliyotoka Ghuba ya Bengali yaliangusha theluji nyingi karibu na njia ya Thorong La. Watu zaidi ya 40 walikufa, wageni na wenyeji pamoja. Tufani hiyo ilikuwa imefika pwani ya Bara Hindi siku mbili kabla yake.

Basi, mwenye busara huchagua mwezi ufaao, kisha kila asubuhi huzitazama mbingu na kuwauliza wenyeji. Akiambiwa, "Rudi," hurudi. Dalili ya mvua ni mawingu.

MASWALI
1. Kwa nini mvua hunyesha upepo ukutanapo na milima?
2. Kwa nini Mustang ni nchi kavu?
3. Mvua imchukizayo msafiri yamfaa nani? Eleza.
4. Taja majira ya mahali pako, na wakati ambao ungemshauri mgeni aje.