Dondoo muhimu: Kulisha panya wa maabara chakula chenye virutubisho vya ziada

Panya mweupe aliyekomaa hula takriban gramu 15 hadi 20 kwa siku. Dozi hupangwa kutokana na ulaji huo.

• Msingi: Fomula ya AIN-93 kutoka Marekani hutumika sana. Aina yake ya G ni kwa panya wanaokua na wenye mimba; ya M ni kwa waliokomaa.

• Kuchanganya: Unga wa kirutubisho huchanganywa kwanza na chakula kidogo, kisha kilichobaki huongezwa polepole. Ukimwagwa wote mara moja, huacha madonge.

• Mafuta ya samaki: Hewa na mwanga huyaharibu upesi. Chakula chenye mafuta hayo hugandishwa katika mifuko midogo. Mabaki ya jana hutupwa.

• Kupima: Kabla ya kutupwa, mabaki hupimwa pamoja na yaliyomwagika chini ya kizimba. La sivyo, panya anayemwaga chakula ataonekana mlafi.

• Kundi linganishi: Hupewa msingi uleule wenye nishati sawa, bila kirutubisho.