Grafu Imepanda, Moshi Ni Uleule

SWALI: Mimi ni afisa mazingira katika kiwanda cha chai upande wa Kericho. Tuna boila ya kuni na jenereta ya dizeli. Kila mwaka napiga hesabu ya hewa chafu tunayotoa kwa vizidisho nilivyorithi: gramu kadhaa za uchafu kwa kila kiasi cha kuni au mafuta. Mwaka huu nimehamia mwongozo wa Shirika la Mazingira la Ulaya, toleo la 2023. Masizi yamepanda, salfa imeporomoka. Meneja anauliza tumeharibu nini, na tumetengeneza nini. Nimjibuje?

JIBU: Ndugu yangu, mwambie hamkuharibu wala kutengeneza kitu, mmebadilisha kizidisho. Kisha mwoneshe kwa hesabu.

Anza na jenereta, ndiyo rahisi. Salfa ya kwenye dizeli karibu yote huungua ikatoka kama dioksidi ya salfa, na kilo moja ya salfa huzaa kilo mbili za gesi hiyo. Lita 1,000 za dizeli ni kilo 840 hivi. Kama kizidisho cha zamani kilitungwa kwa dizeli yenye salfa sehemu 500 katika milioni, utapata gramu 840 za gesi. Lakini Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilishuka hadi sehemu 50, na kwa dizeli hiyo gramu ni 84. Dizeli ilibadilika zamani, faili lenu ndilo lililochelewa kupata habari. Kwa hiyo rudi nyuma ukokotoe upya miaka yote, ila kila mwaka kwa dizeli yake: vyeti vya msambazaji vitakwambia salfa ilikuwa kiasi gani. Mporomoko utahama kutoka mwaka huu kwenda mahali pake.

Kazi yenyewe iko kwenye kuni. Mwongozo wa Ulaya huhesabu kwa gigajouli za joto, na nyinyi, nadhani, mnahesabu kwa lori. Mkaratusi uliokatwa juzi huweza kuwa nusu yake ni maji, na kilo moja ikatoa megajouli 8 tu. Ukikaa bandani mpaka unyevu ukashuka hadi asilimia 20, kilo moja hutoa 14 na ushei. Ukizihesabia kuni mbichi joto la kuni kavu, masizi yatapanda kwenye Excel bila dohani kutoa hata chembe ya ziada. Pima unyevu wa kuni zinapoingia, na mzigo upite kwenye mizani.

Angalia pia ni joto lipi. AP-42, kitabu cha vizidisho cha Marekani, huhesabu joto lote, hata linalopotea na mvuke. Ulaya hulitoa hilo. Ukichanganya kizidisho cha upande mmoja na joto la upande mwingine, kwa kuni mbichi unakosea kwa karibu robo. Halafu soma maelezo madogo chini ya jedwali: vizidisho vingine vya masizi huhesabu pia mvuke unaoganda kuwa chembe baada ya kutoka kwenye dohani, vingine huhesabu kinachonaswa na kichujio tu. Hivyo viwili havilinganishwi.

Huenda meneja akakuomba uchague kizidisho kidogo kuliko vyote. Usikubali. Namba za vitabuni ni wastani wa mitambo mingi, na mtambo wako unaweza kuwa juu ya wastani huo. Mwaka 2020 mamlaka ya mazingira ya Marekani yenyewe iliwaonya watu dhidi ya kuitumia AP-42 kana kwamba ni kipimo cha mtambo wao.

Mkipata fedha, pimeni dohani. Kipimo kikifanywa boila ikifanya kazi kama kawaida, na moshi wa asubuhi inapowashwa ukiwemo, kinashinda kitabu chochote. Kikifanywa siku ya wageni, kwa kuni teule, baki na kitabu.