Rangi Yetu Haina Kasoro: Mafunzo Niliyoyapata Chundwa

Mimi ni mwanamke wa Chundwa, kisiwani Pate. Nimelea, nimepamba maharusi, nimekaa kwenye vikao vya uzazi na vya posa, na kote huko nimesikia rangi ya ngozi ikitiwa kwenye mizani. Nayaandika haya kwa ajili ya mabinti wanaoambiwa kwamba wangekuwa wazuri lau wangekuwa weupe.

1. Dharau huanzia kitandani pa mzazi

Mtoto akizaliwa, wanaokuja kumtazama humfunua shuka, wakamkunja sikio waangalie ncha yake, kisha wakatazama mashina ya kucha, wapate kujua atageuka rangi gani. Sikio likiwa jekundu, nyumba hufurahi. Likiwa jeusi, hakosi wa kumliwaza mama: "Usijali, atatakata." Mtoto hajapewa jina, tayari amekwisha kuhurumiwa. Akikua, dada yake ataitwa "mwekundu" kwa mahaba, naye ataitwa "cheusi" kwa kicheko. Wasemaji ni watu wanaompenda, na ndiyo maana maneno yao humzama.

2. Dharau hii ina chanzo chake

Pwani yetu ilikuwa na waungwana na watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini vyeo vyake vilibaki vichwani: mweupe akahesabiwa kuwa karibu na Uarabu, mweusi akashukiwa nasaba yake. Lakini nasaba yenyewe yasema vingine: mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Manda na hapa jirani, Faza. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili ilikuwa ya Kiafrika, na ilitoka hasa kwa wanawake. Asili ya Kiasia ililetwa zaidi na wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Bibi zetu wa mwanzo, basi, walikuwa wanawake wa Kiafrika. Anayemcheka binti kwa weusi wake anamcheka bibi yake mwenyewe.

3. Kujipamba si kujichukia

Mama zetu walisaga mti wa liwa juu ya jiwe la msio, wakajipaka usoni kujikinga na jua. Bibi arusi alisingwa mwili mzima hadi ngozi ikawa laini, ikang'aa na kunukia. Akishaoga, hutoka na rangi yake ile ile. Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa kisiwa hiki hiki, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alimhimiza usafi, vito, wanja na manukato. Hakumwagiza abadili ngozi.

4. Krimu hudai kuliko inavyotoa

Nimewahi kumtia hina bibi arusi aliyetumia krimu ya kung'arisha ngozi, nikaushika mkono wake. Mgongo wa mkono ulikuwa wa waridi, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na ngozi imekuwa nyembamba hata mishipa inahesabika. Hina ile ile ambayo wenzake waliipaka kwa raha, yeye ilimwasha mpaka machozi yakamtoka.

Nyingi kati ya krimu hizi huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Steroidi huidhoofisha ngozi. Zebaki huizuia kutengeneza melanini, ile rangi inayotukinga na jua, na tena hudhuru figo. Mjamzito akiitumia, inaweza kumfikia mtoto tumboni. Kenya imepiga marufuku vipodozi vya namna hii, na mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025. Hata hivyo, madukani bado vinapatikana. Kopo lisiloandikwa viungo vyake, lirudishe kwa mwenyewe.

5. Si sisi peke yetu

Mabinti zetu waliofanya kazi Ghuba wameishi na Wafilipino, na wamewaona nao wakisumbuka na sabuni za kung'arisha ngozi. Ufilipino ilitawaliwa na Uhispania kwa zaidi ya miaka 300, kisha na Marekani, na weupe ukawa ngazi ya kupandia. Leo wapo wanawake wa huko wanaojivunia hadharani rangi yao ya kahawia, wanayoiita kayumanggi. Mkenya mwenzetu, mwigizaji Lupita Nyong'o, alieleza mwaka 2014 jinsi alivyomwomba Mungu utotoni aamke akiwa mweupe. Mwaka 2019 akatoa Sulwe, kitabu cha watoto kuhusu msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Nimejifunza kwamba aibu ikisemwa mbele za watu hupungua nguvu.

6. Dini iko upande wa binti huyu

Qurani, katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, inazitaja tofauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Katika hotuba yake ya kuaga, kama ilivyopokelewa, Mtume alifundisha kwamba mweupe hamzidi mweusi ila kwa uchamungu. Mama anayemkataa mkaza mwana kwa rangi yake hana pa kuegemea.

7. Sifa isemwe mapema, na kwa sauti

Kukataza krimu peke yake hakutoshi iwapo ndimi zetu ndizo zinazoziuza. Ndugu zangu, mtoto akizaliwa, mwombeeni dua na muache sikio lake. Mkipeleka posa, ulizeni tabia. Mkikodi mpiga picha wa arusi, mwambieni asimpaushe bibi arusi kwa kompyuta. Na wewe binti mweusi unayesoma haya: u mzuri leo, kwa rangi hiyo hiyo, na huhitaji kutakata ndipo upendwe.