USIPOZIBA UFA: SOMO LA NJIA ZA MLIMANI

Katika kurasa hizi za chama chetu tumezoea ngeli, methali na mashairi. Leo nataka tuondoke huko kidogo, tupande mlima. Swali langu ni hili: njia ya mlimani inapoharibika, wa kuitengeneza ni nani? Ni serikali yenye ardhi, au ni wale wanaoikanyaga? Najua wengi watajibu mbio mbio, "Serikali!" Mimi nasema, ngoja kwanza.

Hebu tuanze na namna njia inavyokufa. Chukua kijia chochote cha mkato kinachoteremka moja kwa moja, mathalani kile wanachopitia wanafunzi wakikimbilia bwalo la chakula kengele ikilia. Miguu huua nyasi. Nyasi zikifa, mizizi iliyoshika udongo hufa nazo. Mvua ya masika ikija, maji huona pale pameinama tena pako wazi, basi hushukia papo hapo. Siku ya kwanza hubeba vumbi, ya pili changarawe, na kabla hamjajua, mna mtaro. Mtaro nao haupitiki, kwa hiyo watu wanapita kando, na kando nako nyasi zinakufa. Baada ya misimu michache kijia cha hatua moja kimekuwa donda la hatua kumi. Kumbe adui si miguu pekee. Ni miguu ikishirikiana na maji.

Ndiyo maana fundi wa njia za mlimani kwanza ni fundi wa maji. Kazi yake ina kanuni tatu kuu.

Kwanza, njia isiukabili mlima uso kwa uso. Mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima pale inapopita. Ikiwa ubavu unapanda mita 20 kwa kila mita 100, njia isipande zaidi ya mita 10. Ikizidi hapo, maji hayatavuka njia na kwenda zake. Yataigeuza njia kuwa mto.

Pili, uso wa njia uinamishwe kidogo upande wa bonde, ili maji yasituame wala kufuata nyayo za watu.

Tatu, mahali penye mteremko mkali pawekwe kinga la mawe au gogo, limelazwa mshazari katika njia, liyasukume maji nje. Kinga hilo halifai kitu kama halisafishwi. Likijaa matope na majani, maji huliruka na kuendelea na uharibifu wake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo inasema kweli tupu. Dakika 10 za kuzoa majani kwa jembe huokoa wiki nzima ya kubeba mawe.

Sasa, nani atazoa majani hayo? Mfano bora ninaoujua uko Marekani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1921, mtaalamu wa misitu aitwaye Benton MacKaye alichapisha pendekezo la njia ndefu ya miguu kupitia milima ya Appalachian. Mwaka 1925 wapenzi wa wazo hilo waliunda muungano wao, na mwaka 1937 njia ikakamilika. Leo ina urefu wa takribani kilomita 3,500, kutoka mlima Springer jimboni Georgia hadi mlima Katahdin jimboni Maine, ikipita katika majimbo 14. Kilele chake cha juu, Kuwohi, kina mita 2,025 tu. Hicho hakifiki hata nusu ya Mlima Kenya wenye mita 5,199, lakini usikidharau: mvua ya huko ni ya kutosha kubomoa njia yoyote iliyoachwa yatima.

Cha ajabu ni kwamba tangu mwanzo waliochonga njia hii kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa kujitolea. Mwaka 1968 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya njia za taifa, na njia hiyo ikawekwa chini ya Idara ya Mbuga za Taifa. Je, wenye majembe waliambiwa kwaherini? La hasha! Mwaka 1984 idara hiyo ilitia sahihi mkataba wa kuukabidhi muungano wao jukumu kubwa la kuitunza njia. Leo vilabu takribani 30 vimegawana njia yote, kila kimoja na kipande chake. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kilomita chache tu: kuzoa majani, kukata vichaka, na kupaka upya alama nyeupe zenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 15, zinazomwongoza msafiri asipotee.

Lakini, mpenzi msomaji, usidhani kila mtu hujiendea tu na panga lake. Ardhi ina wenyewe: Idara ya Mbuga, Idara ya Misitu, na serikali za majimbo. Wao ndio huamua njia ipite wapi isije ikaharibu mmea adimu, na mti upi ukatwe. Anayetaka kutumia msumeno katika misitu ya taifa lazima afunzwe na apewe cheti. Katika maeneo yanayolindwa na sheria ya nyika ya mwaka 1964, misumeno ya mtambo kwa kawaida hairuhusiwi, basi watu wawili hushika msumeno mrefu wa mkono, huyu anavuta, yule anavuta. Isitoshe, sheria ya mwaka 1972 iliiruhusu Idara ya Misitu kupokea watu wa kujitolea rasmi, na mtu akiumia kazini ahesabiwe kama mwajiriwa wa serikali katika kulipwa fidia. Hilo si jambo dogo. Jiwe likikuponda mguu, baraka za jirani hazilipi daktari.

Ushirika huo ulipimwa mwaka 2024. Mwishoni mwa Septemba kimbunga Helene kilipiga milima ya North Carolina na Tennessee. Miti iliangukia njia kwa wingi usiosemeka, na daraja la Chestoa kwenye mto Nolichucky, lililotumiwa na wasafiri wa njia hiyo, likasombwa. Watu wa kujitolea walikuwa na hamu ya kukimbilia huko mara moja. Hata hivyo, misitu ilifungwa kwanza, kwa sababu mti ulioegemea mwingine huweza kumuua anayeukata. Hamu peke yake haitoshi, inataka utaratibu. Utaratibu nao bila mikono ni karatasi tu.

Wapo wanaopinga. Husema, "Kujitolea ni kuisaidia serikali ikwepe wajibu wake." Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Serikali ikiona kazi inafanyika bure, yaweza kupunguza fedha na walinzi. Jibu langu ni kwamba ndiyo sababu mkataba huandikwa, na saa za kazi huhesabiwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na jasho vilevile. Mwenye daftari anaweza kusimama mbele ya wakubwa na kusema, "Sisi tumetimiza yetu. Yenu je?"

Hata kwetu Kenya mlango upo. Sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu wananchi kuunda vyama vya kijamii vya misitu na kuwekeana mikataba na wasimamizi wa misitu, na sheria ya mwaka 2016 iliyoichukua nafasi yake imeendeleza ruhusa hiyo. Kwa hiyo anayesema "si kazi yangu" na anayesema "nitafanya nitakavyo" wote wamekosea. Mkono mmoja haulei mwana, wala hautengenezi njia.

MSAMIATI
Mshazari: kwa kukingama upande upande, si moja kwa moja.
Kutuama: (maji) kusimama mahali pamoja bila kwenda.
Fidia: malipo kwa aliyepata hasara au madhara.
Ubavu wa mlima: upande wa mlima ulioinama.

MASWALI
1. Eleza kwa nini kinga la mawe lisilosafishwa halina faida.
2. Ubavu wa mlima unapanda mita 30 kwa kila mita 100. Njia isizidi mwinuko gani?
3. "Kujitolea ni kuisaidia serikali ikwepe wajibu." Jadili kwa kutoa hoja za pande zote mbili.
4. Tazama kijia kimoja karibu nawe baada ya mvua. Andika aya moja ukieleza maji yalipita wapi, na wewe ungefanya nini.