Darsa la Ramadhani, siku ya 14: Chenji



Ndugu zangu waumini, mama zangu na dada zangu, Allah azikubali funga zetu. Leo tunasoma neno moja tu, ambalo hatumalizi siku bila kulitamka: chenji. Lina maana tatu. Tuzipitie moja moja.

*1. Chenji ni pesa inayorudi*

Umenunua tende za elfu mbili, umetoa noti ya elfu tano. Ile elfu tatu iko mkononi mwa muuzaji, lakini si yake. Ni amana. Akisema "sina chenji, chukua pipi" na wewe hujaridhia, amekuuzia usichokiomba. Akisema "pitia kesho", tayari hilo ni deni, na aliandike.

Watanzania tunaijua vizuri maana hii. Mwaka 2012 kampuni ya BAE Systems ya Uingereza iliilipa nchi yetu pauni milioni 29.5, baada ya kukiri mahakamani kwamba haikutunza kumbukumbu sahihi za hesabu katika biashara ya rada tuliyouziwa. Fedha zile zikaenda kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Watu waliziitaje? Chenji ya rada. Jina lilisema kweli: si msaada, ni cha kwetu kimerudi. Sasa kama tulidai chenji ya mabilioni, kwa nini tunaidharau mia mbili ya mtoto aliyetumwa dukani?

*2. Chenji ni kuvunja noti*

"Nichenjie hii elfu kumi." Waarabu huita *sarf*, na kwenye mzizi huo ndiko Kiswahili kilikopata neno sarafu. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha ni sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameziingiza pesa zetu katika hukumu hiyo. Kwa hiyo anayekaa stendi akampa kondakta sarafu za elfu tisa kwa noti ya elfu kumi, ile elfu moja ni riba, hata kama wote wawili wanacheka.

Na sisi wa ukanda wa dhahabu, tusikilize zaidi. Geita, Katoro, Kahama, mzigo unapimwa kwa gramu na pointi, pointi kumi ni gramu moja. Chenji ya mchimbaji inaweza kufichwa kwenye mzani. Mtu amekesha duarani, wewe unamwibia pointi moja halafu unamhesabia hela vizuri mbele ya macho yake. Hela imetimia, haki haijatimia. Surat al-Mutaffifin inaanza na onyo kali kwa hao: wakipokea wanataka kijae, wakiwapimia wengine wanapunguza.

*3. Chenji ni kubadilika mtu*

Vijana husema, "jamaa siku hizi amechenji", au "amenichenjia". Ramadhani hii wengi wetu tunaomba tuchenji kuelekea kheri. Alhamdulillah. Na ajabu ni hii: katika dua iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) alimwita Allah *Musarrif al-qulub*, Mwenye kuzigeuza nyoyo, akimwomba azielekeze nyoyo zetu kwenye utiifu wake. Ni mzizi uleule wa *sarf*, uleule wa sarafu!

Lakini Surat ar-Ra'd, aya ya 11, inatufundisha kwamba Allah habadilishi hali ya watu mpaka wao wabadilishe yaliyo nafsini mwao. Moyo utageukaje huku mfukoni umeshika chenji ya mwenzio? Katika hadithi ya muflis, Mtume (s.a.w.) alituonesha mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, kumbe alitukana huyu na kula mali ya yule. Wadai wake watalipwa kwa mema yake. Yakiisha, atatwishwa madhambi yao. Jamani, funga yako ya leo, pamoja na kiu yote hii ya Shinyanga, iende kulipa mia mbili ya mtu?

*Kazi ya leo*

Kabla ya futari, kaa na daftari. Andika chenji za watu ulizonazo: dukani, kwenye bodaboda, kwenye mzani, kwa fundi. Anayejulikana, mrudishie leo. Siku hizi hata kwa simu inatumwa, huna kisingizio. Aliyefariki, wape warithi wake. Aliyepotea kabisa baada ya kumtafuta, mtolee sadaka kwa niaba yake, na akitokea siku moja akaidai, mpe.

Na ukiwa wewe ndiye unayedai, unaweza kudai, ni haki yako. Ukisamehe kwa ajili ya Allah, ni bora zaidi.

Ewe Mwenye kuzigeuza nyoyo, zigeuze zetu, na utusaidie kurudisha kila kisicho chetu. Aamin.

Ukiipata darsa hii, mtumie na mwenye duka lako. Tukutane tarawehe inshaallah.